Bei ya Wendell Lockridge

"Nijitoe?" Wendell Lockridge alimsogezea Ruthanne simu hadi puani. "Soma hapo. Senti hamsini na nane! Mtu wa senti hamsini na nane anajitoa ili iweje?"

Zilibaki siku tisa mji wao mdogo katika jimbo la Iowa umchague meya. Ruthanne, mwalimu mstaafu aliyesimamia kampeni yake, alikuwa akigonga milango ya watu tangu asubuhi, na viatu vyake vilikuwa chepechepe.

"Hiyo simu haipigi kura, Wendell. Huko nje wanasema wewe na Maureen Stoltz mnagombania kura zilezile. Mmoja asipompisha mwenzake, Brandvold anapita katikati, anachukua kiti."

"Wanasema akina nani? Hao wanaobadilisha mawazo kila wakibadilisha soksi?" Wendell alicheka kwa dharau. "Maneno ni bure, mama. Kwenye soko la ubashiri watu wanatoa hela. Hisa yangu inalipa dola moja nikishinda, nisiposhinda hailipi kitu. Na bado wanainunua kwa senti hamsini na nane. Hao ndio watu wenye akili."

Na kweli soko lilimpenda. Mwezi wa nane hisa yake ilikuwa senti tisa. Gazeti la mji lilipodokeza kwamba huenda akajitoa, ikaruka hadi thelathini. Alipoonekana akinywa kahawa na Maureen, ikagonga hamsini kabla kikombe hakijapoa. Wendell akaona werevu wa dunia nzima wanamsihi asikubali kujitoa. Akaacha kuzunguka mitaani. Mikono ya wapigakura, alisema, inanuka vitunguu. Akaanza kuchagua mapazia ya ofisi ya meya.

Maureen alimfuata nyumbani, akamwomba kwa upole wakae chini wazungumze.

"Hisa yako ni senti kumi na nne," Wendell alimjibu, akamfungia mlango.

Jumanne kura zikahesabiwa. Brandvold alipata elfu tatu mia tisa na kumi na mbili. Maureen, elfu tatu mia nane na sabini. Wendell, mia sita na kumi na moja. Ruthanne alivaa koti lake akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi Wendell alikwenda kumpa mshindi mkono, kama ilivyo ada. Gil Brandvold, muuza matrekta mwenye kitambi, alimkumbatia kama ndugu aliyepotea miaka mingi.

"Sielewi," Wendell alisema. "Soko lilisema ni mimi. Watu wenye akili waliweka hela zao kwangu."

"Mtu mmoja tu," Brandvold alisema, akimpigapiga begani. "Na wala hukunigharimu sana, rafiki yangu. Mabango yangekuwa ghali zaidi."