Abiria wa Thelathini na Mbili

Fintan, mwongoza watalii, aliwahesabu abiria ndani ya basi mara ya tatu, safari hii akigusa kila kichwa kwa kidole. Thelathini na wawili. Asubuhi alitoka Belfast na watu thelathini na mmoja.

Wangepungua, angejua la kufanya. Wiki iliyopita alimsahau Mfaransa mmoja juu ya jabali, na Bi Hazel, mwenye kampuni, akamwambia kwa upole uliotisha kuliko kelele: "Fintan mwanangu, hesabu ikikukataa tena, katafute kazi nyingine." Hakusema kama kuzidi ni nafuu kuliko kupungua.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye magurudumu ya mabasi yote yaliyoegeshwa pale. Kwa saa mbili watalii walikuwa wamepigana kwa panga za plastiki ndani ya machimbo ya mawe, chini ya ngome ya mbao ambako ile filamu ya majoka ilipigwa. Langoni kila mtu alipewa joho la kijivu lenye kofia, na kwa baridi ile hakuna aliyetaka kulivua. Fintan mwenyewe alivaa joho na ndevu za bandia mpaka kifuani, kama waongozaji wote wa pale.

Mervyn, dereva, hakuwapo kwenye usukani. Bila shaka alikuwa akivuta sigara mahali. Angalau alikuwa ametengeneza hita ya basi iliyokufa tangu asubuhi, Mungu ambariki. Karatasi ya majina ndiyo haikuonekana.

"Mabibi na mabwana," alisema Fintan, "humu kuna mtu asiye wetu. Ajitokeze mwenyewe, hatutamla."

Kisha mama mmoja Mjerumani, Dorothea, aliyekuwa akifuma soksi, akainua macho. "Kiongozi, umeshikwa na mafua? Sauti yako imebadilika."

"Sauti yangu haina neno, mama. Kila mtu amtazame jirani yake. Ndiye uliyekaa naye asubuhi?"

Wakatazamana. Mabinti wawili kutoka Denmark wakaapa kwamba wao ni dada, tumbo moja. Mzee Henk, Mholanzi, akamgeukia mkewe. Mkewe akamchungulia ndani ya kofia kwa muda mrefu kuliko Henk alivyopenda.

"Nadhani ndiye," akasema mkewe.

"Unadhani?" Henk akang'aka. "Miaka arobaini ya ndoa, unadhani?"

Fintan akaona aje kwa mlango mwingine. Mgeni angewezaje kujua hadithi ambayo yeye Fintan aliwasimulia abiria wake njiani? Hadithi hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake: yeye mwenyewe aliwahi kuonekana kwenye filamu ile, sekunde nne nzima, akifa.

"Nawauliza swali moja tu. Asiyejua jibu ndiye mdandiaji. Kwenye filamu, mimi nilikufaje?"

"Joka lilikumeza!" likajibu basi zima kwa sauti moja, kama darasa la kwanza.

Fintan alihisi kama amepigwa kibao. "Joka? Joka gani? Nilichomwa mshale wa shingo! Nilianguka kutoka ukutani! Nililala kwenye matope siku tatu wakirudia kupiga picha!"

"Ulituambia joka," akasema Henk. "Na miguu ikabaki inaning'inia mdomoni. Ulituonyesha picha ya miguu."

"Miguu mizuri," Dorothea akaongeza.

Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyesikiliza. Alisimulia mwendo mzima ule kutoka Belfast, na pale kwenye mshale alikuwa hata ametoa machozi. Wanamcheza shere, alijiambia; wamemficha mdandiaji wao na sasa wanamfanyia mzaha. Akaanza kupita kati ya viti akiwavua watu kofia, huku wakipiga mayowe. Binti mmoja wa Denmark akamtandika kwa upanga wa plastiki. Henk alisimama kumtetea mkewe, mkewe akamwambia akae, kwanza yeye mwenyewe hajathibitishwa.

Hatimaye Fintan akasimama mbele ya Dorothea, maana ndiye pekee aliyekuwa anacheka.

"Mama, naomba ushuke."

"Sishuki. Nimekaa kiti hiki tangu alfajiri."

"Kwa heshima zote, mama, sikukumbuki kabisa."

"Na mimi nakukumbuka ukiwa mrefu zaidi," Dorothea akajibu, akaendelea kufuma. "Lakini sikutaka kukuvunja moyo."

Basi likaangua kicheko. Fintan akashika nguzo ya mlango, ndevu zikimning'inia upande mmoja, akifikiria uso wa Bi Hazel. Amweleze nini? Kwamba amerudi na Mjerumani wa ziada?

Simu ikalia. Mervyn. Fintan aliipokea kama mtu aliyerushiwa kamba majini.

"Mervyn, ndugu yangu, tupa hiyo sigara uje haraka! Kuna mtu amezidi humu ndani, nami sitaondoa basi mpaka nimpate."

"Basi lipi, wewe?" Nyuma ya sauti ya Mervyn watu wengi walikuwa wakilalamika kwamba wanaganda. "Mimi niko kwenye usukani nusu saa sasa, na abiria wote thelathini na mmoja wamekaa. Aliyepungua ni wewe."