Taa ya Kifuani

Sheria iliwakataza wachunguzi wa vyama na chaguzi kupiga kura, na hata kusikia jamaa zao wakizungumza siasa. Kila mmoja alivaa kifuani kifaa kidogo ambacho taa yake iliwaka nyekundu chama kilipotajwa mbele yake. Profesa Shekigenda alikivaa tangu ujanani hadi alipostaafu. Aliweza kueleza kwa nini wilaya nzima ilihama chama, lakini hakujua mkewe, Nakijwa, humchagua nani.

Jioni ya kwanza bila kifaa hicho, alisubiri wali upakuliwe, kisha akasema, "Jumapili nitapiga kura yangu ya kwanza. Mama Namsifu, wewe utampa nani?"

Nakijwa alimtazama kwanza kifuani. "Ongeza mchuzi."

"Taa haipo tena, mke wangu."

"Najua, Baba Namsifu. Ila mdomo wangu haujastaafu kunyamaza."

Binti yao alicheka. "Baba, na vitabu vyote ulivyoandika, unatuuliza sisi?"

"Nyumba hii haimo katika vitabu vyangu, Namsifu."

Baada ya chakula, mama na binti walikwenda kuosha vyombo, na punde Profesa akawasikia wakibishana kwa furaha, majina ya wagombea yakivuka mlio wa masufuria. Akachukua bakuli lake kama kisingizio, akausukuma mlango wa jikoni.

"Nyanya nazo zimepanda bei," Nakijwa alikuwa akimwambia bintiye, huku akilipokea bakuli.

Profesa akajikuta anajipapasa kifuani.