Wenzo wa Mvuke

Ikwap alishika wenzo wa mvuke wa garimoshi kwa mara ya kwanza maishani. Mvua ilikuwa imenyesha Tororo tangu alfajiri. Reli ziliteleza, na nyuma yake mabehewa ya pamba yalingoja.

"Magurudumu yakizunguka bure," alionya mkaguzi aliyekuja kumtahini udereva, "utarudi kutia kuni."

Kalasinga, dereva mzee aliyemfundisha, akacheka. "Bwana, huyu amechunga, amepika hospitali, amepigana vita Burma. Kazi asiyoijua ni ukunga tu!"

Ikwap akavuta wenzo kwa pupa. Magurudumu yakalia, yakizunguka palepale. Akaurudisha upesi.

"Mara moja tu zaidi," mkaguzi akasema.

Ndipo Ikwap alipoyakumbuka matope ya Kirewa, alikolima kwa maksai kabla ya vita. Penye utelezi maksai hawakuchapwa. Waliachwa kwanza wauhisi uzito wa plau, mnyororo ukakaza, ndipo wakaitwa.

Akafungua mvuke kidogo, akangoja. Minyororo ya mabehewa ikakaza mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho kabisa.

"Haya, wanangu!" akapaza sauti kwa Kiteso, akiongeza mvuke, na jengo la stesheni likaanza kurudi nyuma.