Blanketi la Mke Mwenza

Majani ya uwanjani yalikuwa meupe kwa sakitu Bi Atupele alipotoka jikoni na birika la maji ya moto. Trekta lilikuwa limelala chini ya blanketi la harusi la Bi Atupele. Miaka thelathini mumewe, Mzee Kyando, aliliomba blanketi hilo alifunike trekta lake kila baridi ilipoingia, naye alimjibu vilevile: "Mke mwenza hafunikwi na blanketi langu."

Sasa mzee alikuwa amekaa dirishani, mkono wa kulia umekufa ganzi tangu apate kiharusi. Jana jioni hakuomba kitu. Alitazama tu mbingu iliyotakata, dalili ya sakitu, na hilo ndilo lililomshinda mkewe. Alitoka akamwaga maji ya rejeta yasigande, akailaza betri karibu na mafiga, kisha akalitandua blanketi kitandani.

Asubuhi hii aliondoa blanketi, akarudisha betri na kumimina maji ya moto kwenye rejeta, polepole.

"Lisalimie kwanza," mzee alisema.

"Mimi nisalimie chuma?"

Bi Atupele alizungusha ufunguo. Trekta likakohoa, likazima. Akajaribu tena, likazima tena. Bi Atupele alitazama barabarani kama kuna mtu, akainamia boneti.

"Umeamkaje, mwenzangu?"

Safari hii likawaka.

Alilitandaza blanketi lililolowa sakitu juu ya boneti mpaka likakauka, akaliingiza ndani lingali na joto, akamfunika mumewe. Lilinuka dizeli. Mzee alilivuta kwa mkono wa kushoto hadi kidevuni, akafumba macho, akisikiliza ngurumo ya nje.