Pini Mdomoni

Nilikuwa na pini tatu mdomoni, nakunja pindo la gauni, binti yangu amesimama juu ya kigoda. Kila nguo ya mtoto ninayoshona huivaa yeye, nampiga picha, namtumia mteja. Kazi zikinizidi, simu namwachia binti awajibu wateja mwenyewe.

Simu ikatetemeka juu ya cherehani. Ni yule mteja aliyeagiza magauni matano na hajaja kuchukua hata moja. Nami, mjinga, nikasema labda ana shughuli nyingi.

"Kesho nakungoja nje ya shule, mrembo. Usimwambie mama."

Nikarudi nyuma kwenye ujumbe wa zamani. Picha za mwanzo nilizipiga mimi. Zilizofuata sikuzipiga mimi.

Pini zikanidondoka. "Anakuandikia tangu lini huyu?"

"Tangu likizo, mama. Si ulisema mteja ni mfalme, nisimjibu vibaya?"

Nikaiinua simu mbele ya uso, niusome tena ule ujumbe.

Mwanangu akaiona. Akanyoosha mgongo, akashika kiuno, akatabasamu kama nilivyomfundisha.