Mwanazuoni wa Lugha Kumi na Moja

Siku ya sita kitabu kilikuwa bado juu ya kabati, kimefungwa kwa uzi uleule, na fundi cherehani alikuwa anakula chakula cha mchana amekipa mgongo.

"Kesho Jumamosi," mkewe alisema. "Na hujakifungua hata mara moja."

"Nitakifungua."

"Lini, Baba Pacha?"

Alisogeza sahani, akasema ameshiba. Alikuwa amekula matonge mawili.

Kwa miaka minne, kila Jumamosi alasiri, watu watano walikuwa wakikutana dukani kwake kuizunguka meza ya kukatia vitambaa: yeye, muuguzi, dereva wa lori, mwalimu wa hesabu na Mzee Gundi. Watu wazima na akili zao, na mchezo wao ulikuwa wa kujifanya. Mzee Gundi alisimulia nchi isiyokuwepo, yenye milima inayotembea na miji iliyozama maziwani. Wengine kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni ndani ya nchi hiyo, na dadu ziliamua nani anapona. Wote walikuwa wa Udugu wa Funguo, chama cha siri cha wasaka elimu iliyopotea. Sharti la Udugu lilikuwa moja tu: asiandike mtu. Elimu hukaa kichwani, na kinachozidi hukaa katika Kitabu, ambacho Mzee Gundi hakumpa mtu kukishika.

Sharti hilo ndilo lililomweka fundi mezani, kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kujaza wala ya kusoma. Akajichagulia kuwa Mwanazuoni, mjuzi wa lugha kumi na moja zilizokufa, na jina likamganda. Hata sokoni muuguzi akimwona humwita hivyo, naye huitika huku masikio yanawaka moto. Fundi hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe.

Barua ikija, miwani ilikuwa imesahaulika. Fomu za shule za watoto zikiletwa, mkono ulikuwa unauma. Wateja wake aliwachora katika daftari lililofichwa chini ya cherehani: mwavuli alikuwa yule mama aliyekuja siku ya mvua, jogoo alikuwa bwana mmoja mwenye sauti, na pembeni vipimo vyao, maana namba alizijua. Siku moja Mzee Gundi aliwahi kufika, akalikuta daftari liko wazi. Akaliangalia muda mrefu.

"Huyu jogoo ni nani?"

"Watoto hao, Mzee. Wanachezea vitu vyangu."

Mzee hakubisha. Alilifunga taratibu, akalirudisha alipolikuta.

Mzee Gundi alikuwa mshona vitabu wa maktaba, na jina lake lilitoka huko. Miaka arobaini ya kubandika majalada na kushona kurasa zilizochomoka. "Hakuna kitabu mle ndani ambacho hakijapita mikononi mwangu," alipenda kusema, na mezani hakuna aliyethubutu kushindana naye kwa elimu, hata mwalimu. Akifungua Kitabu, kidole kikizunguka ukurasani, maneno yalimtoka mpaka dereva anasahau chai yake.

Jumamosi iliyopita alikuja akiwa na begi. Bintiye alikuwa anamhamishia kwake, mji mwingine, kwa sababu magoti yamegoma kupanda ngazi. Mbele ya wote alimkabidhi fundi Kitabu, kimefungwa kwa uzi.

"Kwa nini mimi, Mzee?" fundi aliuliza. "Si mwalimu yupo?"

"Mwalimu hatakiweza. Wewe utakiweza."

Wenzake wakapiga makofi. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Sasa Ijumaa ilikuwa inakwisha. Kesho saa tisa watu watatu wangekaa mbele yake, wangenyamaza, na wangengoja asome. Alikishusha kitabu, akakipakata bila kuugusa uzi.

"Mama Pacha, hebu kaa kidogo."

Mkewe alikaa, mikono ina povu la vyombo.

"Mimi sijui kusoma," fundi alisema akitazama sakafu. "Sijawahi kujua. Miaka kumi na tatu nimekudanganya, na naona haya hata kukutazama."

Alingoja kicheko, au hasira. Mkewe alifuta mikono kwenye gauni, kidole kimoja kimoja.

"Najua," alisema. "Tangu ile kadi ya harusi ya mdogo wangu uliyoishika juu chini ukasema imeandikwa vizuri."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Na mimi niliona haya kukuaibisha."

Fundi alijipangusa macho kwa kiganja.

"Basi nisaidie. Nisomee chote leo, nikiweke kichwani. Kesho nitapitisha kidole tu, kama ninasoma."

Mkewe alikipokea. Akafungua fundo, akafunua ukurasa wa kwanza. Akafunua wa pili. Akaruka hadi katikati, akaenda mwisho, akarudi mwanzo.

"Siwezi kukisoma hiki, Baba Pacha."

"Ni lugha gani?"

Akamgeuzia. "Hakina herufi hata moja."

Ukurasani palikuwa na mlima wenye miguu, mji chini ya mistari ya maji, funguo tatu, na njia ya vitone iliyozunguka kutoka picha moja hadi nyingine. Fundi alisogeza kiti chake karibu, akaweka kidole juu ya mlima, akaanza kumsomea mkewe.