Picha Pana

"Dada Sekela, chagua sasa," alisema Kalinga, mpiga video aliyerekodi harusi ya Sekela kwa kamera mbili miaka kumi iliyopita. "Kesho wageni wa sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yenu watatazama hapa ukumbini, kwenye shuka hili. Kamera ndogo ina rangi nzuri, lakini picha yake ni nyembamba, itaacha weusi huku na huku. Kamera kubwa inajaza shuka lote."

"Weka ile ndogo. Ndiyo tuliyoizoea nyumbani."

"Zione zote kwanza, dada yangu."

Akawasha projekta. Katika picha nyembamba, Sekela aliingia kanisani akiwa ameshikwa mkono na baba mdogo. Baba mzazi aliikataa harusi ile. Sekela alimpelekea tai ya zambarau, sare ya familia, akajibiwa kwamba imechomwa moto. Mzee alikufa hawajasemeshana.

Kalinga akaweka picha pana. Hatua zilezile, vigelegele vilevile, ila sasa pembeni palionekana dirisha, na nje ya dirisha amesimama mwanamume mrefu.

"Simamisha!" Sekela alipiga kelele. "Mungu wangu! Simamisha hapo hapo!"

Mwanamume yule alikuwa amevaa tai ya zambarau.

Sekela alikwenda hadi kwenye shuka, akanyoosha mkono amguse. Kivuli chake kikamfunika baba. Akarudi nyuma hatua moja, baba akaonekana tena.

"Dada, tutumie ipi?" Kalinga aliuliza taratibu.

Sekela alibaki palepale, mkono ameunyoosha, asithubutu kusogea.